Sekunde Tisa Bila Wimbo

Ukisikia mtu anasema shangazi yangu ni mpole, jua hajaishi naye. Mimi nimeishi naye. Amenilea tangu nina miaka sita, baba yangu, yaani kaka yake, alipofariki, na sasa nina thelathini na moja. Shangazi si mpole hata kidogo. Haongei sana, basi, na watu wakimwona mtu haongei wanadhani amekubali yaishe. Thubutu! Huyu akiamua jambo, hata uje na tingatinga, humng'oi.

Na mahali pake panajulikana. Miaka ishirini na miwili amekaa pale pale, kiwanja cha kokoto, upande wa kushoto ukiingia langoni, juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Mbele yake kuna jiwe bapa la kupondea. Mkono wa kushoto ameshika pete ya mpira aliyoikata mwenyewe kwenye tairi kuukuu na kuifunga kishikio cha waya. Pete hiyo inazungushiwa jiwe ili litulie, vidole visipondeke, na vipande visiruke ovyo. Mkono wa kulia ana nyundo fupi. Nyundo haiinuliwi juu. Ukiona mtu kaipandisha mpaka begani, huyo ni mgeni, na kesho atakuja na bendeji. Nyundo inapanda shibiri moja, inashuka, inapanda, inashuka, na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto linageuka kokoto za kumwagia zege. Kila mwanamke mpya akiingia kiwanjani, Shangazi humkatia pete kabla hajaulizwa jina lake. Ndiyo maana wote wanamwita Mama Pete.

Jicho lake la kulia halioni. Kipande kidogo kama punje ya mchele kiliruka juu ya pete, miaka mitano iliyopita, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake nikimimina chai. Pete inazuia vipande vingi, haizuii vyote. Na mwaka huu daktari wa macho akamwangalia hilo la kushoto lililobaki, akamwambia mbele yangu, "Mama, hili nalo lina kovu tayari. Likipigwa tena, siwezi kukuahidi kitu."

Siku hiyo nilimsihi mpaka sauti ikakauka. Mimi sipondi, nauza chai hapo hapo kiwanjani, kibanda cha mabati karibu na lango. Nilipomaliza shule nilitaka kukaa naye kwenye mawe, akanifukuza kama anafukuza kuku. "Macho yako si ya hapa," aliniambia. "Hayo nimeyalipia ada." Basi nikaweka birika. Sasa nikamwambia, "Shangazi, acha hii kazi. Chai inatutosha mimi na wewe."

"Na hao arobaini waliobaki," akasema, "chai yako itawatosha?"

"Hao wana watu wao!"

"Mimi ndiye niliyewakatia pete. Siondoki hapa mpaka kila mmoja awe na miwani ya kinga usoni, na aitoe mwenye kiwanja."

Ndiyo hivyo. Jicho moja, lenye kovu, na yeye kakaa nalo kwenye mawe anamsubiri mtu asiye na haya. Mwenye kiwanja tunamwita Tajiri akiwa hayupo, Bosi akiwepo. Shangazi alikuwa amemwomba miwani zaidi ya mara nane. Kila mara jibu lilikuwa hilo hilo: mkipewa hamtavaa, nyie wanawake mnapenda kulalamika tu. Hata siku ile mwanamke mmoja mzee, jirani wa Shangazi hapo kwenye mawe, alipotoka kiwanjani kwa mara ya mwisho akiongozwa mkono na mjukuu wake, Tajiri alimpungia kutoka dirishani kama anamuaga anayekwenda matembezini. Huyo bwana kavaa miwani ya mbao, nawaambieni, na hiyo hakununua, kazaliwa nayo.

Mjukuu aliyemwongoza bibi yake siku ile ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji. Tulimwita Kinanda tangu mdogo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alikulia kati ya marundo ya kokoto, bibi anaponda, yeye anaimba. Alipokua akaenda mjini, akahangaika, akapata studio, na wimbo wake wa kwanza kupigwa redioni ukawa wimbo wa kwetu. Kiitikio chake mnakijua hata kama hamjui mnakijua:

*Ponda, mama, ponda, nyumba yao ipande,*
*kipande kikiruka, jichoni kigande.*

Aliuimba kwa uchungu. Anamwambia mama aponde nyumba ya wengine ipande, na kipande kikiruka, basi, kikae jichoni, nani anajali? Lakini ile sauti ya Kinanda ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni, na mdundo aliuchukua pale pale kwenye nyundo zetu, pa-pa-pa, pa-pa-pa, ukiusikia tu mabega yanaanza yenyewe. Redio zikaupiga asubuhi, mchana na jioni. Ukafika kwenye harusi. Mimi na Shangazi tulialikwa harusi moja ya jamaa zetu, na wimbo ulipowekwa watu wote wakainuka, na walipofika pale pa "kigande!" wakaziba jicho moja kwa kiganja, wakazunguka, wakacheka. Ukumbi mzima! Kumbe umekuwa mtindo wa kucheza. Bibi harusi mwenyewe kaziba jicho. Nikamtazama Shangazi. Yeye hakuwa na haja ya kuziba. Alikaa, akala, akasema chakula kimekolea.

Lakini cha kuudhi hasa kilitokea kazini. Tajiri naye akaupenda wimbo. Akanunua spika mbili kubwa, akazifunga kwenye nguzo, na kila asubuhi saa mbili kamili, "Ponda, mama, ponda!" Ukiisha anaurudisha. Kwa nini asiurudishe? Nyundo zilikuwa zinafuata mdundo. Wanawake wanaimba, mikono inakwenda, marundo yanapanda kuliko zamani. Wenyewe walifurahi, tusidanganyane, maana ukiimba mgongo unauma kidogo. Wiki ya pili Shangazi akaja kibandani kwangu, akaacha chai ipoe.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia, Shangazi. Wimbo mtamu."

"Mtamu, eti. Huyu bwana anatuchapuza kazi kwa kilio chetu wenyewe, na sisi tunamwitikia."

Aibu ilinishika, maana hata mimi nilikuwa nakoroga sukari kwa ule mdundo.

Akaenda ofisini siku hiyo hiyo kuomba miwani tena. Nilimfuata mpaka mlangoni. Tajiri akacheka, akaelekeza kidole kiwanjani. "Mama Pete, si unawasikia wanavyoimba? Mtu anayeumia anaimba hivyo? Wimbo wenyewe mzuri, hata mke wangu anaupenda."

Nilitamani nimmwagie birika zima. Shangazi alishukuru, akatoka, akaniomba simu. Akampigia Kinanda.

"Mwanangu," akamwambia, "wimbo wako umeolewa na Tajiri."

Kinanda akacheka, halafu akasikia habari zenyewe, kicheko kikamwishia. "Bibi," akasema, maana kila mponda kokoto wa umri ule kwake ni bibi, "mimi niliuimba nikilia."

"Najua. Ila mtu hawezi kuona machozi redioni. Wimbo hauna kosa, umefika mahali ambapo miguu yangu haitafika. Tatizo lake, mtu anausikiliza huku anaendelea na mambo yake. Anapika, anafua, anaponda. Mikono yake haisimami."

"Nilikuwa nataka kuutengenezea video," Kinanda akasema. "Tumepata ukumbi, wa taa taa."

"Taa za nini? Njoo uitengenezee hapa."

Tajiri alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Kiwanja chake kuonekana kwenye televisheni! Akalipaka lango rangi, akaandikisha ubao mpya, akanyoa ndevu.

Wakaja asubuhi moja na gari mbili. Kinanda alituamkia mmoja mmoja, wapondaji wote arobaini na mmoja, na alipofika kwa Shangazi akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake za mjini. Dairekta wa video alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye adabu, anayesema "vizuri sana" hata pasipo na vizuri. Alikuwa na wachezaji sita wamevaa ovaroli zinazong'aa. Akazunguka, akatazama, akatikisa kichwa. Zile pete za mpira hazikumfurahisha. Alisema zinaficha jiwe, kamera haioni linavyopasuka. Akaomba zitolewe, na nyundo ziinuliwe juu ya kichwa, zote pamoja, zishuke pamoja.

"Hiyo ni kupasua kuni," Shangazi akasema.

"Ni kwa ajili ya picha tu, mama. Dakika tano."

Halafu akamletea miwani. Nilidhani nimeona vibaya. Miwani nyeusi, nzuri, ya kina dada wa magazetini. Akamwambia kwa heshima kwamba ni ya kufunika lile jicho, watazamaji wasije wakaogopa.

Shangazi akaichukua, akaigeuza upande huu na huu, akamrudishia mkononi. "Mwanangu, miaka mingapi natafuta miwani hapa kiwanjani! Hii ya kuficha siihitaji. Mimi nataka ya kukinga."

Dairekta akasema vizuri sana, akaondoka nayo.

Sasa sikilizeni makosa yetu. Wenzake Shangazi, kwa kuona haya kumkatalia mgeni, wakazitoa pete. Wanawake wenye miaka kumi, kumi na mitano kwenye mawe, wakaziweka kando kama vyombo vya jana, kisa kamera! Wakainua nyundo juu. Shangazi peke yake akabaki na pete yake, na shibiri yake moja. Spika zikafunguliwa, Kinanda akasimama katikati akiimba, wachezaji wakaruka, nyundo arobaini zikashuka. Mara ya kwanza salama. Mara ya pili salama. Mara ya tatu, pale pale pa "kipande kikiruka", Mama Pacha, mwanamke mdogo kuliko wote pale, akaangusha nyundo, akashika uso.

Hapa niwaeleze utaratibu wa kwetu. Jiwe likiingia jichoni mwa mtu, hakuna kupiga kelele. Anayepigwa anaangusha nyundo, na wa karibu wakiona nao wanaweka chini, na wengine wanaweka, mpaka kiwanja kizima kinanyamaza. Lazima, kwa sababu yule anayetoa jiwe hatakiwi kushtuka, na haitakiwi kipande kingine kiruke. Wanaofanya kazi ile ya kutoa ni wawili watatu tu, na wa kwanza ni Shangazi. Ana kitambaa cheupe, kimefuliwa na kupigwa pasi, anakiweka kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Hajawahi kujifutia jasho nacho.

Nyundo zikasimama. Fundi wa sauti akaona nyundo zimesimama, akazima muziki akidhani dairekta ndiye kasema. Kiwanja kikawa kimya kabisa. Shangazi akamlaza Mama Pacha kichwa pajani, akapindua kope la juu kwa njiti ya kiberiti, akaleta jicho lake moja karibu mpaka pua zikakaribia kugusana, na kwa ncha ya kile kitambaa akaanza kukifuata kile kipande. Machozi ya Mama Pacha yalikuwa yanatiririka yanaingia sikioni. Damu haikuwepo. Jicho likiingiwa na jiwe hutoka machozi tu, na ndiyo maana mtu wa nje haamini kama mtu kaumia.

Na katika ule ukimya, kutoka dirishani, Tajiri:

"Nani kasimamisha nyundo? Nyie! Pigeni kazi, mmekuja kulala hapa?"

Hakuna aliyegeuka. Kipande kikatoka. Shangazi akakionyesha kwenye kitambaa, kidogo, cheusi. Mama Pacha akafumba, akafumbua, akasema, "Naona." Nikajikuta nalia na birika mkononi, kwa hasira zaidi kuliko huruma.

Dairekta wa watu alitaka kuzama ardhini. Akamwomba Mama Pacha radhi, akamwomba Shangazi, akawarudishia wanawake pete zao kwa mkono wake mmoja mmoja. Halafu akamwambia mpiga picha kwamba ile shoti imeharibika, waanze upya baada ya chai.

"Kamera ilikuwa inafanya kazi?" Shangazi akauliza.

"Ilikuwa, mama, lakini tutaifuta."

"Usifute. Hebu tuione."

Wakaja kibandani kwangu, tukabanana kwenye mabenchi: Shangazi, Kinanda, Mama Pacha na jicho lake jekundu, dairekta, na mimi juu ya debe. Wakaiweka kwenye kompyuta ndogo. Dairekta alikuwa na wazo lake. Alisema picha ni nzito kweli, lakini itahitaji wimbo uendelee chini yake, kwa sababu wimbo ukikatika mtu anadhani simu yake imeharibika, anahamia video nyingine. Akauweka wimbo juu ya ile picha. Tukatazama. Kope linapinduliwa, kitambaa kinaingia, na Kinanda anaimba "kigande", pa-pa-pa. Nilitazama chini kutafuta kifuniko cha birika, nikaona mguu wa Mama Pacha. Ulikuwa unacheza! Jicho ni lake, maumivu yake, hata saa moja haijapita, na mguu unapiga mdundo chini ya benchi.

"Tazameni," nikasema.

Wote wakatazama. Mama Pacha akauzuia mguu kwa mikono miwili. "Jamani, mimi sijui umeanzaje," akasema, na tukacheka, ila Kinanda hakucheka.

"Zima wimbo," akasema. "Weka sauti ya hapa hapa."

Picha ikarudiwa. Kimya. Pumzi ya Mama Pacha. Kisha ile sauti ya dirishani. Hakuna mguu uliotikisika, hata mimi mwenye birika nilisahau maji yanachemka mpaka yakazima jiko. Kinanda akahesabu: tangu muziki unapokatika mpaka kipande kinatoka, ukikata picha za katikati, ni sekunde tisa.

"Tisa ni nyingi," dairekta akasema. "Mimi nina miaka kumi na mbili kwenye kazi hii. Watahama."

Shangazi akamjibu taratibu kabisa. "Mwanangu, huko wanakohamia wana macho. Wakikaa hizo tisa tu, wameona. Wimbo wamesikia mwaka mzima na wanacheza wameziba jicho."

"Mwenye wimbo ni mimi," Kinanda akasema. "Zinakaa."

"Na mwenye jicho ni nani?" Shangazi akamgeukia Mama Pacha. "Wewe unasemaje? Ukikataa, tunafuta sasa hivi, na hakuna atakayekununia."

Mama Pacha akauliza kama wanawe wataona. Akaambiwa wataona. "Basi iwekeni," akasema. "Wajue kwa nini huwa nachelewa kufumbua macho asubuhi."

Video ikatoka baada ya wiki sita. Na nani aliyekuwa na haraka ya kuitazama? Tajiri! Hakungoja hata aitazame peke yake. Siku ile ile mchana akatoa televisheni kubwa ofisini, akaiweka chini ya banda la mabati, akaunganisha spika zake mbili, akawaita wanawake wote na madereva wa malori. Na akamwalika mkandarasi, yaani yule mjenzi wa maghorofa anayenunua zaidi ya nusu ya kokoto zetu, akamwekea kiti cha plastiki mbele. Mimi niliagizwa chai ya wageni. Niliipika vizuri, nikaisubiri kwa hamu kuliko wote.

Ikaanza. Lango lenye rangi mpya, ubao, marundo. Tajiri akamgusa mkandarasi begani, "Unaona? Unaona?" Kinanda anaimba, wanawake kwenye benchi wanajitafuta na kucheka, "Huyo mimi! Tazama kilemba changu!" Ikafika "kipande kikiruka".

Kimya.

Tajiri akaruka kwenye spika. Akatikisa waya, akachomoa, akachomeka, akaipiga spika kofi. "Mafundi wa siku hizi bure kabisa," akasema. Nyuma ya mgongo wake kwenye kioo jicho la Mama Pacha lilikuwa kubwa kama sahani, na njiti ya kiberiti, na uso wa Shangazi umeinama na lile jicho lake lililokufa limetuangalia sote.

"Acha waya," mkandarasi akamwambia. "Kaa uone."

Na ndipo spika mbili kubwa, zilizonunuliwa kwa ajili ya kutuharakisha, zikasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Nani kasimamisha nyundo? Nyie! Pigeni kazi, mmekuja kulala hapa?"

Tajiri alisimama na waya mkononi. Jamani, mimi nimemchukia mtu yule miaka mingi, lakini ule uso sijapata kuuona kwa binadamu. Aliisikia sauti yake kama anamsikia jirani mbaya. Kipande kikatoka, muziki ukarudi, na hakuna mtu aliyecheza.

"Huyo aliyepiga kelele ni nani?" mkandarasi akauliza, na mimi najua alijua.

Wanawake arobaini na mmoja walitazama chini, kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mkandarasi akaacha chai yangu nusu, akaondoka na lori lake.

Mnadhani miwani ililetwa kesho yake? Wapi! Kesho yake Tajiri alifunga mlango wa ofisi na kuwasha wimbo saa mbili kama kawaida, ule wa redioni, usio na ukimya wowote ndani yake. Nyundo zikaanza. Wimbo ukafika "kipande kikiruka", na Shangazi akaweka nyundo chini. Mama Pacha akaweka. Wakaweka wote. Spika zinaimba zenyewe, nyundo arobaini na moja zimelala, na Shangazi anahesabu kwa vidole. Alipofika tisa, wakaziokota. Hawakuwa wamepanga, au kama walipanga basi mimi waliniona mropokaji, hawakuniambia. Wimbo unarudi, wanaweka tena. Mchana Tajiri akazima spika. Wakauimba kwa midomo yao, na wakafika pale pale, wakaweka. Midomo yetu swichi yake hana.

Malori yakaanza kusubiri mzigo. Madereva walikuwa na video kwenye simu, na wao wakaanza kuhesabu pamoja nasi, tisa, wakiwa wameegemea matairi. Hata kwenye harusi, Kinanda alinipigia kuniambia, siku hizi wakifika "kigande" wapo wanaosimama tu, mikono chini, na ambaye bado anaziba jicho anajikuta peke yake. Siku ya sita mkandarasi akampigia Tajiri. Sikusikia alichosema, ila nilisikia Tajiri akisema "ndiyo, ndiyo, ndiyo, mzee," mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia.

Siku ya tisa zikaja katoni mbili, miwani ya kinga, ya plastiki nene, yenye mikanda. Thelathini. Tajiri akaziweka chini mbele ya Shangazi, akasema, "Haya, Mama Pete, umefurahi?"

Shangazi akazihesabu. "Sisi ni arobaini na mmoja."

"Zingine baadaye. Anza wewe."

"Nitavaa ya mwisho," akasema, akaanza kugawa. Akamwanza Mama Pacha.

Hapo nilipandwa. Nilimwita pembeni, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake. Kwamba ana jicho moja duniani, lina kovu, miwani iko hapo mkononi mwake, na yeye anajifanya shujaa. Kwamba nimechoka kumimina chai nikitega sikio kama nyundo yake bado inalia. Nililia kwa sauti, watu wakasikia. Akaniacha nimalize.

"Nikivaa mimi leo," akasema, "zile kumi na moja hazitakuja. Tajiri anaogopa hili jicho moja lisije likapigwa mbele ya watu. Ngoja."

Siku nne. Siku nne alikaa pale uso mtupu, na mimi nikauza chai yenye chumvi, kwa jinsi akili ilivyokuwa mbali. Kila kiitikio nyundo zililala na kuamka. Ijumaa, katoni ya tatu ikaletwa na dereva wa lori, imeandikwa kwa kalamu: kumi na moja.

Akagawa kumi. Ya mwisho nilimvisha mimi mwenyewe, nikamkaza mkanda kisogoni, nikaufungua, nikaukaza tena mpaka akanicheka. Alinitazama kupitia ile plastiki mpya, kwanza kwa jicho zima, halafu akageuza uso kidogo na kunitazama kwa lile jingine, kama mtu anayelijaribu.

"Zimechelewa jicho moja," akasema, akakaa kwenye gunia lake, akavuta pete.